Kitabu cha safari kilichofungia karanga

Karanga za moto zikifungwa ndani ya karatasi ya kitabu zinatoa harufu mbili, si moja. Kwanza inakuja ya mafuta, tamu, ile inayojaza mate mdomoni. Halafu, ukisogeza pua karibu, inakuja ya wino: kali kidogo, kama chuma kilicholowa. Wiki iliyopita rafiki yangu wa darasa alinipa karanga wakati wa mapumziko, zikiwa ndani ya ukurasa wa kitabu, nami badala ya kula nikaanza kuzimwaga mkononi ili nisome. Aliniuliza kama niko mgonjwa. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa hesabu tu.

Siku ile ile mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa ametuomba kila mmoja aandike maoni yake juu ya kitabu cha safari alichowahi kusoma: kilimpendeza kwa nini, na angemshauri nani akisome. Wenzangu waliandika. Mimi, ambaye hata jina langu nikiulizwa mbele ya watu ninalitaja kama mtu anayeomba msamaha, nilirudisha karatasi nyeupe. Si kwamba sikuwa na maoni. Nilikuwa nayo mengi, na mengine si yangu. Acha niwaambie ninyi hapa. Karatasi haiwezi kunitazama usoni.

Nilikuwa na miaka kumi, mwaka wa tano wa shule ya msingi. Tulikaa Kalembe, pale ambapo Masisi inaishia na Walikale inaanza. Katikati ya kijiji kulikuwa na butiki ya Papa Muhindo, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mtu mnene mwenye rozari shingoni na kalamu sikioni. Aliuza sabuni, chumvi, misumari, majembe, na karanga alizokaanga mwenyewe juu ya makaa mbele ya mlango. Ili kufungia karanga alinunua karatasi kuukuu kwa mafurushi: makaye, yaani madaftari, ya watoto waliofaulu, barua za ofisi, magazeti. Aliviringa ukurasa kama pembe ya mbuzi, akakunja ncha, akajaza.

Katika furushi moja kulikuwa na kitabu. Kilikuwa hakina jalada. Kilianza ukurasa wa thelathini na moja, katikati ya sentensi, kwa sababu mwanzo wake ulikwisha kuliwa na watu pamoja na karanga kabla mtu yeyote hajagundua kwamba ni kitabu. Kwa hiyo hatukujua kinaitwaje, wala nani alikiandika, wala alitoka wapi. Tulijua tu kwamba ni mtu anayesafiri kutoka Kisangani kwenda Bukavu, na kwamba chumvi imemwishia.

Papa Muhindo alinikuta nimesimama mbele ya butiki, nasoma katoni ya sabuni.

"Wee Solange, unasomaka nini pale? Inasema sabuni inafua?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuja hapa. Utusomee hii. Kifaransa yangu miye ni ya kusema na maaskari ku barabara tu."

Hivyo njo ilianza. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa juu ya gunia la chumvi, kwenye baraza ya butiki, nikasoma kwa Kifaransa kimoyomoyo na kusema kwa Kiswahili kwa sauti. Kwa nini mtoto mwenye haya alikubali, hata mimi sijui vizuri. Nafikiri ni kwa sababu kitabu kilifunika uso. Sikuwa mimi niliyesema. Alikuwa yule msafiri. Na sheria ya Papa Muhindo ilikuwa moja: ukurasa uliokwisha kusomwa unachanwa pale pale na kuingia kazini. "Karatasi ni ya karanga," alisema, "habari ni ya bure." Kitabu kilipungua kila tulivyokwenda nacho, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma kutazama.

Laiti mwalimu wetu angewasikia wale wasikilizaji na maoni yao. Papa Fikiri, aliyepakia fromaji, yaani jibini, za Masisi juu ya pikipiki yake na kuzileta mpaka kwetu, hakumpenda msafiri hata kidogo.

"Page kumi na mbili sasa," alisema, "na hajasalimia mutu hata moja. Huyu anatembeaka kama mbuzi."

"Pengine ni muzungu," mama yangu akamtetea.

"Ni muzungu, sema na pengine ya nini? Mweusi gani atashangaa ndizi?"

Papa Muhindo naye alisumbuliwa na jambo jingine. Hakuelewa safari ya mtu asiyebeba mzigo wa kuuza. Kila Jumapili aliuliza: "Na muzigo? Hajasema iko anapeleka nini?" Nikimjibu hapana, alisema, "Basi iko anakimbia deni." Mama yangu alitaka kujua kama mama wa yule msafiri alijua mwanawe yuko wapi. Kitabu hakikusema neno juu ya mama yake.

Sasa niseme ukweli. Nusu ya maneno ya Kifaransa sikuyajua. Pale nisipojua, nilipita kwa kujaza, kama mtu anayeweka ubao pale daraja limetoboka. Mwanzoni nilijaza kidogo tu. Halafu, baada ya malalamiko ya Papa Fikiri, msafiri wangu alianza kusalimia. Alisalimia vijiji vizima. Jumapili iliyofuata alikula fromaji ya Masisi, akasema hajawahi kuonja kitu kama kile, na Papa Fikiri akaruka akapiga makofi. "Nilijua! Huyu ni mutu wa akili, tulimusema bure!" Niliinamisha uso nyuma ya ukurasa, nikasikia joto masikioni. Ilikuwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi.

Pembeni ya baraza, mgongo kwenye ukuta, alikaa Mama Zawadi. Alikuwa anamenya karanga za Papa Muhindo. Ndiyo kazi aliyopewa alipofika kwetu wakati wa kukimbia vita, kutoka upande wa Walikale. Alikaa peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Wote walimwita Mama Zawadi, na sisi watoto hatukuuliza hata siku moja Zawadi ni nani na yuko wapi. Jina la mama mtu ulilikuta pale pale kama mlima. Hakutoa maoni juu ya kitabu. Vidole vyake tu vilikwenda, pwa, pwa, na maganda yalimjaa mapajani.

Jumapili moja msafiri alitoka Walikale akashika njia ya Hombo. Nikasikia pwa pwa imekoma.

"Amefika ku muto?" Mama Zawadi aliuliza.

Wote waligeuka. Papa Fikiri ndiye aliyejibu: "Muto gani, Mama? Kule mito iko mingi."

"Ile ya daraja ya miti, mbele ya Hombo. Iko muti mukubwa umeinama juu ya maji." Hakuwa anamtazama yeye, alikuwa ananitazama mimi. "Ukifika pale usome polepole, mutoto wangu. Zawadi iko pale. Homa ilimukamata mu njia, tulimuzika mbio-mbio, batu banatuita tuende, tuende. Alikuwa na miaka mbili. Hata jiwe hatukuweka."

Papa Muhindo alivua kofia. Hakuna aliyejua aangalie wapi, basi wote waliniangalia mimi.

Nilitazama ukurasa. Daraja la miti lilikuwepo, nawaapia. Sentensi moja. Msafiri alilivuka, akakaa upande wa pili, na kuanzia hapo mpaka chini ya ukurasa aliandika vipepeo. Vipepeo wa manjano, vipepeo wa buluu, jinsi walivyokunywa kwenye mchanga uliolowa. Nusu ukurasa mzima. Mama amemzika mtoto pale, na yeye aliona vipepeo.

Nikafungua mdomo. Nilisema hivi, nakumbuka kila neno:

"Karibu na daraja tuliona kaburi ndogo, ya mutoto. Majani ya pembeni yote ilikuwa mirefu, lakini pale palikuwa safi. Kuna mutu anapaliliaka pale."

Nilifikiri ninampa kitu kitamu, kama nilivyompa Papa Fikiri fromaji yake.

Mama Zawadi hakulia. Alisema, "Soma tena." Nikasoma tena, nikiogopa kukosea neno. Papa Muhindo aliponyoosha mkono kuchana ukurasa, kwa mazoea tu maskini, yeye alimtangulia. Aliuchana taratibu, kwa kufuata mshono, akaukunja mara nne, akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Siku tatu hazikupita, akaja kumuaga mama yangu. Nilikuwa jikoni namenya viazi, nikasikia yote.

"Unaenda Hombo? Na barabara ile?"

"Kuna mutu anamupalilia mutoto wangu miaka yote hii," alisema Mama Zawadi, "na miye hata aksanti sijamuambia. Nitakaa namna gani?"

Sisi ni watu wa shamba, mnaelewa. Kupalilia si kazi ya mara moja. Unatoa majani leo, mvua inakuja, yanarudi. Mtu anayepalilia kaburi lisilo lake anakuwa ndugu yako, na ndugu huwezi kumwacha bila salamu. Hayo mimi pia niliyajua, kwa miaka yangu kumi. Kwa hiyo niliposema "anapaliliaka", nilisema neno kubwa kuliko yote ninayoyajua.

Papa Muhindo alitoa jembe jipya katika butiki, lenye rangi bado, akalifunga kwa kamba. "Umupatie ule mutu. Umuambie ni ya Papa Muhindo wa Kalembe." Akafikiria. "Wa butiki ya pale ku kanisa."

Asubuhi ya kuondoka nilikutana naye barabarani. Mimi na bidoni yangu ya maji, yeye nyuma ya pikipiki ya Papa Fikiri, aliyekuwa anamsindikiza kipande cha njia, jembe mgongoni kama mtoto. Nilikuwa nimelitayarisha neno tangu nilipoamka. Lilikuwa fupi: Mama, haimo. Kaburi haimo mu kitabu. Nilisimama mbele ya gurudumu mpaka Papa Fikiri akacheka, "Na wewe unaenda?" Mama Zawadi alinishika kichwa.

"Kama si wewe, Solange, ningekufa bila kujua."

Neno halikutoka. Nilisogea pembeni, pikipiki ikapita. Mara nyingi watu wanasema kuona haya ni tabia nzuri kwa mtoto wa kike. Mimi najua haya yangu ilifanya nini siku ile.

Wiki zikaanza kupita. Habari za barabara zilikuwa mbaya. Watu walirudishwa njiani, wengine waliacha mizigo wakaingia msituni. Jumapili tulisoma kama kawaida, lakini nilisoma yaliyoandikwa tu, na nisilolijua niliruka. Msafiri akaacha kusalimia. Hakula kitu chochote cha maana.

"Kitabu kimeharibika," Papa Fikiri alisema. "Mwanzo kilikuwa na chumvi."

"Muandikaji alichoka," akasema Papa Muhindo. "Safari ndefu, bila muzigo."

Msafiri akafika Bukavu, kitabu kikaisha, karanga zikaendelea kuuzwa. Mimi nilianza kuogopa, na hofu yangu ilikuwa ya ajabu, sijamwambia mtu. Nilimwogopa yule mwenye kupalilia. Nilikuwa nimemtengeneza mimi, kwa mdomo wangu, bila uso wala jina, na sasa mtu alikuwa amekwenda kumtafuta. Je, akimkuta? Katika shamba letu la mahindi, mchana kabisa, nilisikia jembe likigonga udongo mistari mitatu kutoka nilipo, nikaenda kutazama, hakuna mtu. Nilikaa pale nikisubiri. Likagonga tena, mbele zaidi.

Mama Zawadi alirudi wiki ya tano, Jumamosi, kwa miguu. Nilikuwa wa kwanza kumwona kwa sababu nilikuwa ninakwenda kwenye njia ile kila siku. Alikuwa amekonda, miguu imevimba, na jembe lilikuwa begani. Hakuniona. Aliingia kwake, na mlango ulipokuwa bado wazi nilimwona akiliegemeza ukutani. Rangi yote ilikuwa imetoka. Makali yalikuwa meupe kama kijiko.

Kesho yake baraza ilijaa. Walimpa kiti, walimpa chai, wakamwacha anywe, halafu Papa Fikiri hakuweza kungoja.

"Basi, Mama, utuambie. Kitabu kilisema kweli ao kilidanganya?"

Aliweka kikombe chini. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia langu bila kitabu, bila kitu cha kufunika uso. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Kilisema kweli."

"Na ule mutu?"

"Nilimupata."

"Aliipenda jembe?" akauliza Papa Muhindo.

"Sana. Alifanya nayo kazi siku ile ile."

Watu walifurahi, wengine walimshukuru Mungu kwa sauti, na Papa Muhindo aligawa karanga. Mimi nilikuwa nimeliona jembe nyuma ya mlango. Nilijua kwamba haikuwezekana awe amempa mtu. Kwa hiyo ama Mama Zawadi amedanganya, jambo ambalo sikuweza kulifikiri juu yake, ama alimkuta kweli yule niliyemtengeneza, na yeye akamrudishia jembe. Niliamini hilo la pili. Niliamini kwa miaka sita. Sikupita tena peke yangu mahali penye majani yaliyolimwa safi bila kujua nani aliyalima.

Mwaka jana Mama Zawadi alihama kwenda Masisi kukaa na mtoto wa dada yake. Mama yangu alinituma nimsaidie kufunga vitu. Havikuwa vingi. Tulikuwa tunafunga godoro kwa kamba, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, godoro katikati yetu likinificha uso, na labda njo sababu neno lilitoka, limechelewa miaka sita.

"Mama, ile page. Kaburi haikuwa mule."

"Vuta kamba," alisema.

Nikavuta.

"Najua. Tangu Walikale najua. Munganga moja wa hospitali ya pale alinisomea. Nilimuomba asome mara mbili. Vipepeo tu."

"Na ulienda?"

"Nilikuwa nimeshafika Walikale. Ningerudi na nini?" Alifunga fundo, akalijaribu kwa kidole. "Nilikukasirikia, usifikiri sikukukasirikia. Nilikukasirikia mpaka ku daraja. Kisha pale nilikuwa na kazi."

Akanieleza bila kuacha kufunga. Daraja lilikuwa limejengwa upya, pembeni kidogo ya pale pa zamani. Mti ulioinama haukuwepo. Maji yaliuchukua au watu waliukata. Majani yalikuwa yamefunika ukingo wote, mapana, yamefika kifuani. Alisimama pale tangu asubuhi mpaka jua likapita katikati, akijaribu kukumbuka walikuja kutoka upande gani siku ile, na nani alikuwa mbele.

"Sikujua ni wapi kabisa," alisema. "Basi nilipalilia kote. Toka ku daraja mpaka ku mawe. Siku ine. Batu ba pale balikuja kuniangalia, baliniuliza ninapanda nini."

"Ukabaambia nini?"

"Maharagwe."

Alicheka kidogo, na mimi nilicheka, halafu hatukucheka tena. Nilimwomba msamaha. Alisema nishike ncha nyingine ya godoro, gari linangoja.

Nilipokuwa mtoto nilifikiri kosa langu ni uongo, na kwamba Mama Zawadi aliposema "kilisema kweli" aliniokoa mbele ya watu. Sasa nina miaka kumi na saba na ninaona tofauti. Yeye hakudanganya. Alikwenda kumshukuru mtu ambaye hayupo, na alipofika akaona lazima awepo, akawa yeye. Mimi ndiye niliyempa kazi ile, kwa sentensi tatu, nimekaa juu ya gunia la chumvi, nikipenda kusikilizwa. Wasomaji wengine wanasema kitabu kizuri cha safari kinakufanya utamani kuondoka nyumbani. Mimi nilimwona mtu mmoja aliyeondoka kwa sababu ya kitabu, na bado ninayaona makali ya jembe lile.

Mvua ya kwetu inatoka upande wa Walikale. Unaiona kwanza mbali juu ya msitu, nyeusi, halafu inapanda vilima kuja kwetu. Mama yangu anatoa ndoo na mabeseni nje, anaimba. Mimi nasimama mlangoni na kufikiria kwamba kule imekwisha kunyesha, na kwamba majani ya msituni yanaota mbio kuliko yetu. Tangu zile siku nne hakuna mtu aliyepalilia.